UKURUTU: NAMNA YA KUUPIMA UKALI WAKE

SOMO LA AFYA KWA WANACHAMA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya mikarafuu, miche, palizi na uanikaji. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya ngozi ya binadamu, na khasa maradhi ya ukurutu. Sababu yake tutaieleza bila ya kuficha, kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Msimu uliopita bibi mmoja, mke wa mwanachama mwenzetu, alikuja kutuonyesha viganja vyake. Alikuwa akichambua karafuu kila jioni, na viganja vilikuwa vimekauka, vimefanya magamba na kupasuka. Aliomba apewe kazi nyingine kwa muda. Tulivitazama mara moja, tukamwambia, "Bibi, hii ni sehemu ndogo tu. Paka mafuta, yataondoka." Akatujibu kwa upole, "Haya, wazee wangu. Ni kiganja tu, lakini kiganja ndicho kinilishacho." Akarudi jamvini. Siku chache baadaye hakuweza kukunja vidole wala kukuna nazi, akakaa nyumbani mpaka msimu ukesha, na ujira wake ukapotea.

Hatukuwa na nia mbaya. Tulikuwa hatujui kupima. Kituoni hakuna mtu akubaliye karafuu zake zikadiriwe kwa jicho tu. Hutiwa mizanini, tena hutazamwa unyevu wake, makonyo yake na mpeta uliomo. Uzito ni jambo moja na ubora ni jambo jingine. Maradhi ya ngozi nayo ni vivyo hivyo, na sisi tulipima uzito tu, tukasahau yaliyobaki. Somo hili ni la kutufundisha sote.

1. UKURUTU NI NINI

Ngozi yetu ni kama ukuta wa nyumba. Ukuta ukiwa mzima, maji ya ndani hayatoki na uchafu wa nje hauingii. Kwa mtu mwenye ukurutu ukuta huo una nyufa. Maji hutoka, ngozi hukauka, na vitu vya nje hupenya na kuitia hasira. Hapo ngozi huwasha, mtu hujikuna, na kule kujikuna huzidisha nyufa. Basi maradhi hujilisha yenyewe.

Ukurutu hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu aweza kulala kitanda kimoja na wenziwe, kula nao na kukaa nao skuli, wala hapana atakayeupata kwake.

Ziko aina nyingi, lakini mbili zatuhusu zaidi. Ya kwanza ni ile ianzayo aghlabu utotoni, ambayo watu wengi huiita pumu ya ngozi. Mara nyingi katika ukoo huo huwamo pia pumu ya kifua au mafua yaletwayo na vumbi. Kwa watoto wakubwa na watu wazima hupenda kukaa ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na mikononi. Ya pili ni ile iletwayo na kitu kilichogusa ngozi: sabuni kali, saruji, mafuta ya taa, na wakati mwingine karafuu yenyewe, kama tutakavyoeleza.

Kabla ya kupima, hakikisha kwamba unachokipima ni ukurutu. Choa huwa duara lenye ukingo ulioinuka na kati kuna nafuu. Upele huwasha zaidi usiku, hukaa baina ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na aghlabu huwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Baka la ukoma mara nyingi haliwashi, na ukiligusa kwa unyoya mgonjwa hahisi. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja yaweza kuharibu jingine. Mwenye shaka na aende kituo cha afya kwanza.

2. KWA NINI TUPIME

Ziko sababu tatu. Kwanza, dawa hufuata ukali wa maradhi. Ukurutu hafifu ukitiwa dawa kali, ngozi huharibika. Ukurutu mkali ukitiwa dawa hafifu, mgonjwa hutaabika bure na mwisho hukata tamaa. Pili, bila ya kipimo huwezi kujua kama dawa yafaa. Ukurutu hupanda na kushuka, na mtu husahau alivyokuwa wiki tatu zilizopita. Tatu, mgonjwa mwenye hesabu mkononi husikilizwa. Mzazi akisema, "Mtoto wangu anawashwa," daktari amesikia hayo mara ishirini siku hiyo. Akisema, "Wiki hii hakulala usiku tano, na ngozi imetoa damu siku tatu," hilo ni neno jingine.

Madaktari wa nchi mbalimbali wametunga mizani nyingi. Mmoja ulitoka Ulaya mwaka 1993, nao waitwa SCORAD. Wachanganya eneo, dalili, mwasho na usingizi katika hesabu moja ambayo mwisho wake ni 103. Sisi tutafundisha mingine miwili, EASI na POEM, kwa sababu ndiyo iliyopendekezwa na jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa ukurutu itumike katika utafiti wa dawa: wa kwanza kwa yale yaonekanayo na jicho, wa pili kwa yale ayahisiyo mgonjwa mwenyewe.

3. KIPIMO CHA ENEO: KIGANJA CHA MGONJWA

Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake vilivyobanwa ni kama sehemu 1 katika 100 ya ngozi yake yote. Angalieni: ni kiganja cha mgonjwa, si cha anayepima. Baba akipima mwili wa mtoto wake kwa kiganja chake mwenyewe atapunguza maradhi mara nyingi.

Mvue mgonjwa kwa heshima, sehemu baada ya sehemu, ukahesabu ni viganja vingapi vingefunika pale penye ukurutu. Ngozi kavu tupu isiyo na wekundu, uvimbe wala mikwaruzo haihesabiwi hapa. Andika idadi.

Lakini eneo peke yake hudanganya, na hapo ndipo tulipoanguka sisi. Viganja viwili vya bibi yule ni sehemu 2 tu katika 100. Ukurutu mdogo wa kope za macho, wa viganja, wa nyayo au wa sehemu za siri waweza kumtesa mtu kuliko mkubwa wa mgongoni.

4. KIPIMO CHA DALILI

Mizani ya EASI ilitangazwa mwaka 2001. Hutazama dalili nne:

(a) Wekundu wa ngozi.
(b) Uvimbe au ugumu wa ngozi, na vipele vilivyoinuka.
(c) Mikwaruzo ya kujikuna.
(d) Ngozi kuwa sugu, yaani nene yenye mistari iliyozidi, kama ya kiwiko.

Kila dalili hupewa alama: 0 ikiwa haipo, 1 ikiwa hafifu, 2 ikiwa ya wastani, 3 ikiwa kali. Mtu akisita baina ya mbili aweza kutia nusu, kama 1.5, maadamu dalili ipo.

Hapa yataka tusimame kidogo. Mizani hii na nyingi nyingine zilitungwa na watu waliozoea kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeupe wekundu huonekana kutoka mlangoni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kuwa wekundu. Huonekana kama weusi uliozidi, au zambarau, au kijivujivu kama majivu. Asiyejua hutia sifuri akaendelea. Mwaka 2002 ilichapishwa Uingereza khabari ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto weusi na weupe, na ikaonekana wazi kwamba kutegemea wekundu huficha ukurutu mkali wa watoto weusi.

Basi fanyeni hivi. Mtazameni mgonjwa mchana, karibu na mlango au dirisha, si kwa taa ya usiku. Linganisheni ngozi yenye maradhi na ngozi nzima iliyo jirani yake. Wekeni mgongo wa mkono juu yake: ngozi iliyowaka huwa na joto. Pitisheni vidole: uvimbe na vipele vidogo vya vinyweleo husikika hata visipoonekana. Wenye mizani wenyewe wameshauri kwamba ngozi ikiwa nyeusi sana hata wekundu ukawa mgumu kuukadiria, alama yake ifikiriwe kuongezwa daraja moja. Tena msichanganye alama za zamani na maradhi yaliyopo. Ukurutu ukipoa huacha mabaka meusi au meupe ambayo hukaa miezi. Hayo ni makovu ya moto uliokwisha zimika, wala hayahesabiwi.

5. HESABU YENYEWE

Mwili hugawanywa sehemu nne: kichwa na shingo, mikono, kiwiliwili, na miguu pamoja na makalio. Kwa kila sehemu hujumlishwa alama za dalili nne. Kisha hutazamwa ukurutu umeshika kiasi gani cha sehemu hiyo yenyewe, na hupewa alama ya eneo:

Hakuna kitu: 0
Asilimia 1 hadi 9: 1
Asilimia 10 hadi 29: 2
Asilimia 30 hadi 49: 3
Asilimia 50 hadi 69: 4
Asilimia 70 hadi 89: 5
Asilimia 90 hadi 100: 6

Jumla ya dalili huzidishwa kwa alama ya eneo, kisha kwa uzito wa sehemu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 uzito ni 0.2 kwa kichwa, 0.2 kwa mikono, 0.3 kwa kiwiliwili na 0.3 kwa miguu. Kwa mwenye miaka 8 na zaidi ni 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4. Tofauti hii ni kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake.

Tuseme yupo mtoto wa miaka 6, mweusi wa ngozi. Daktari mwangalifu amemtazama hivi, akianza na wekundu, kisha uvimbe, mikwaruzo na usugu:

Kichwa na shingo: 2 + 1 + 1 + 1 = 5. Eneo 2. Basi 5 × 2 × 0.2 = 2.0
Mikono: 2 + 2 + 3 + 2 = 9. Eneo 4. Basi 9 × 4 × 0.2 = 7.2
Kiwiliwili: 2 + 1 + 1 + 0 = 4. Eneo 2. Basi 4 × 2 × 0.3 = 2.4
Miguu: 3 + 2 + 3 + 2 = 10. Eneo 4. Basi 10 × 4 × 0.3 = 12.0
Jumla: 23.6

Mwisho wa mizani ni 72. Madaraja yake ni haya: 0 ni ngozi safi, 0.1 hadi 1.0 karibu safi, 1.1 hadi 7.0 hafifu; 7.1 hadi 21.0 wastani, 21.1 hadi 50.0 mkali; 50.1 hadi 72 mkali mno. Mtoto wetu ana 23.6, kwa hivyo ukurutu wake ni mkali.

Sasa mtieni mikononi mwa mtu mwenye haraka, asiyeuona wekundu juu ya ngozi nyeusi, akatia sifuri mahali pote pa wekundu. Kichwa kitakuwa 1.2, mikono 5.6, kiwiliwili 1.2, miguu 8.4. Jumla 16.4, nayo ni wastani. Mtoto ni yule yule, ngozi ni ile ile, na usiku wa kukesha ni ule ule, lakini ameshushwa daraja kwa jicho la mpimaji. Mkulima aliyewahi kuona karafuu zake nzuri zikitiwa daraja la pili ataelewa uchungu wake, ila huyu hakupoteza shilingi, amepoteza dawa.

6. MASWALI SABA YA NYUMBANI

Hesabu ya EASI ni ya daktari au muuguzi aliyefundishwa. Tumeieleza ili mjue anatafuta nini. Mizani ya pili ni yenu wenyewe. Yaitwa POEM, nayo ilitolewa mwaka 2004 na wataalamu wa Nottingham, Uingereza. Haihitaji kifaa chochote. Mgonjwa, au mzazi kwa niaba ya mtoto, huulizwa mambo saba, na kila moja huulizwa hivi: katika siku saba zilizopita, limetokea siku ngapi kwa sababu ya ukurutu?

(1) Ngozi kuwasha.
(2) Usingizi kukatika usiku.
(3) Ngozi kutoa damu.
(4) Ngozi kutoa majimaji.
(5) Ngozi kupasuka.
(6) Ngozi kubanduka magamba.
(7) Ngozi kuwa kavu au kukwaruza.

Hakuna siku hata moja ni 0. Siku 1 au 2 ni alama 1. Siku 3 au 4 ni alama 2. Siku 5 au 6 ni alama 3. Kila siku ni alama 4. Jumla kubwa kabisa ni 28. Ikiwa 0 hadi 2, ngozi ni safi au karibu safi. 3 hadi 7, hafifu. 8 hadi 16, wastani. 17 hadi 24, mkali. 25 hadi 28, mkali mno.

Baada ya msimu tulikwenda kwa bibi yule tukamwomba radhi, tukamwuliza maswali haya saba juu ya wiki ile aliyotujia. Majibu yake yalikuwa: kuwasha kila siku, 4, usingizi kukatika siku tatu, 2, damu siku mbili, 1, majimaji hakuna, 0, kupasuka kila siku, 4, magamba siku tano, 3, ukavu kila siku, 4. Jumla 18. Ukurutu mkali.

Kisha tukaipiga hesabu ya EASI kwa kadiri tulivyokumbuka viganja vyake: wekundu 2, uvimbe 2, mikwaruzo 2, usugu 3, jumla 9, eneo la mikono kama asilimia 11, alama 2, uzito 0.2. Jawabu ni 3.6, yaani ukurutu hafifu.

Tazameni basi. Mizani miwili, mtu mmoja, majawabu mawili, na hapana mmoja uliosema uwongo. EASI umesema kweli kwamba ukurutu umeshika sehemu ndogo ya mwili. POEM umesema kweli kwamba sehemu hiyo ndogo imemnyima usingizi na kazi. Anayetumia mmoja tu ameona nusu ya mgonjwa. Ndiyo maana wataalamu wakataka yote miwili iwekwe pamoja.

7. MAISHA NAYO YAPIMWE

Juu ya hesabu zote, ulizeni maisha yanakwendaje. Mtoto anakwenda skuli? Anasinzia darasani? Anachekwa na wenziwe? Mtu mzima anaweza kufua, kupika, kupanda mkarafuu, kushika ngazi bila ya kukaza meno? Mama halali kwa kuushika mkono wa mtoto asijikune? Nyumba isiyolala usiku mfululizo ina maradhi makali, hata kama viganja vilivyohesabiwa ni vitatu. Wala msisahau moyo: wako vijana wanaovaa mikono mirefu mwaka mzima kwa haya, na wazazi wao hawajui kwa nini.

8. KARAFUU NA MIKONO YETU

Jambo hili ni letu khasa. Mafuta ya karafuu, yawe ya tumba, ya majani au ya makonyo, sehemu yake kubwa ni kitu kiitwacho yujenoli. Ndicho kiletacho harufu na ule ukali wa ulimini, na ndicho kinachotumiwa na madaktari wa meno. Lakini yujenoli huchoma ngozi ikiwa kali, na kwa baadhi ya watu mwili huikataa kabisa, hata kidogo chake kikatosha kuamsha ukurutu. Kwa hivyo imo katika vitu ambavyo madaktari wa ngozi hujaribia wagonjwa wanaoshukiwa kudhuriwa na manukato.

Hatusemi hayo kuwatisha watu na karafuu. Wengi wetu tumechambua tangu utoto na mikono yetu ni mizima. Twasema ili mwenye kudhurika ajulikane mapema. Dalili yake ni hii: mikono huharibika msimu ukianza, hupata nafuu akipumzika wiki mbili au tatu, na huharibika tena akirudi. Mtu huyo na aandike alama zake za POEM kila Ijumaa, na kando yake aandike kazi aliyoifanya wiki hiyo. Karatasi hiyo ikifika kwa daktari ni ushahidi bora kuliko maneno mengi. Katika hospitali yenye daktari wa ngozi aweza kufanyiwa jaribio la kubandikwa vitu mgongoni kwa siku mbili, kisha kutazamwa siku hiyo na tena baada ya siku moja au mbili zaidi.

Katika kazi, mambo haya husaidia. Vaeni glavu za pamba wakati wa kuchambua, na zikilowa zibadilishwe. Glavu ya mpira iliyojaa jasho ni mbaya kuliko mkono mtupu. Nawa kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha, paka mafuta mazito mara hiyo hiyo. Msioshe utomvu kwa mafuta ya taa wala dawa ya kufulia. Na twawasihi sana, msipake mafuta ya karafuu juu ya ukurutu. Yanafaa kwa mengine, lakini hapa ni kumwagia chumvi kidonda.

9. KILA DARAJA NA HAKI YAKE

Madaraja yote yana haki moja ya pamoja: mafuta mazito ya kulainisha, yasiyo na manukato, kila siku, hata ngozi ikiwa nzima. Mtoto mwenye ukurutu wa mwili aweza kuhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kile kikopo kidogo cha dukani hakitoshi.

Hafifu: juu ya mafuta hayo, krimu dhaifu kama haidrokotisoni pale palipowaka. Wastani: krimu ya nguvu ya kati, kwa siku chache alizoagiza daktari, na ya usoni iwe dhaifu zaidi. Mkali: mgonjwa aonwe na daktari bila ya kungoja, kwani huenda akahitaji krimu kali, au kupelekwa kwa mtaalamu, au dawa za ndani. Wataalamu wa ngozi si wengi katika nchi zetu, lakini wapo. Kwa mfano, tangu mwaka 1992 kiko kituo mjini Moshi kifundishacho madaktari na maofisa wa tiba ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Kipimo cha krimu ni ncha ya kidole. Kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Aliyehesabu viganja vya maradhi tayari amejua kiasi cha dawa.

Jihadharini na krimu zinazouzwa kwa kusifiwa kuwa zang'arisha ngozi au zaponya kila kitu. Nyingine zina dawa ile ile ya nguvu kubwa, bila ya kuandikwa. Mwanzo hupendeza, kisha ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, hufanya mistari, na ukiacha maradhi hurudi kwa kishindo. Mgonjwa aliyejipaka krimu hizo pia hupimika vibaya, kwa kuwa huficha choa na upele chini yake. Mwambie daktari kila ulichopaka, wala usione haya.

10. MAMBO YASIYONGOJA HESABU

Weka kalamu chini umpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo ukiona moja katika haya:

Vidonda vidogo vya mviringo vinavyofanana, vinauma badala ya kuwasha, na huzidi kwa haraka, khasa usoni, pamoja na homa. Hiyo yaweza kuwa virusi vya malengelenge vilivyoingia katika ukurutu, na kwa mtoto ni khatari.

Usaha, ukoko wa manjano unaoenea, au ngozi yenye joto na maumivu pamoja na homa.

Ngozi ya mwili karibu wote kuwaka na kubanduka, na mgonjwa kutetemeka kwa baridi.

Jicho kuuma, kuwa jekundu au kuona ukungu.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Mtoto ana ukurutu unaofunikwa na viganja sita vya mkono wake. Ni kiasi gani cha mwili wake?

2. Mwenzetu amewashwa kila siku, amekosa usingizi siku mbili, hakutoka damu wala majimaji, amepasuka siku nne, amebanduka magamba siku mbili, na amekuwa mkavu kila siku. Alama zake za POEM ni ngapi, na yu daraja gani?

3. Kwa nini alama ya sifuri ya wekundu kwa mtoto mweusi yataka kutazamwa mara ya pili?

Majibu: (1) Kama asilimia 6. (2) 4 + 1 + 0 + 0 + 2 + 1 + 4 = 12, wastani. (3) Kwa sababu wekundu juu ya ngozi nyeusi huonekana kama weusi, zambarau au kijivu, na asiyeuona hushusha daraja la mgonjwa.

Kamati imekubali kwamba kuanzia msimu ujao mchumaji au mchambuaji yeyote atakayelalamika ngozi aulizwe maswali saba kabla ya kupewa jibu, na atakayepata alama 17 na zaidi apewe kazi isiyogusa karafuu mbichi mpaka aonwe na daktari. Bibi tuliyemtaja amekubali kuwa wa kwanza kuuliza maswali hayo jamvini, kwani, alivyosema mwenyewe, yeye hatamwambia mtu kwamba ni kiganja tu.

Wasalaam,

Sisi wenzenu wa Kamati ya Jarida